Mlango Hauna Nuksi

Imezuka katika zama hizi biashara ya kuwauzia hofu wenye nyumba. Muuzaji huja na dira mkononi, au na maneno aliyoyaokota katika simu, akamwambia mtu aliyejenga kwa jasho la miaka kumi kwamba mlango wake umeelekea upande wa hasara, kitanda chake kimelala upande wa maradhi, na jiko lake linateketeza riziki ya watoto. Tiba yake haikosi gharama: ziba dirisha hili, vunja ukuta ule, hamisha ngazi, nunua kioo cha pembe nane. Elimu hiyo huitwa feng shui na asili yake ni Uchina. Lakini katika vinywa vya wachuuzi wake imekwisha kukorogwa pamoja na zindiko la mganga na ushauri wa mapambo ya sebuleni, hata msikilizaji hajui tena lipi limetoka wapi. Hoja ya makala haya ni moja. Mlango hauna nuksi. Nyumba huwa njema au mbaya kwa upepo, kwa maji na kwa majirani, na mpiga ramli kwa dira hana ujuzi wa hata kimoja katika hivyo vitatu.

Mahali panapofaa kuipimia hoja hii ni Tukuyu na wilaya ya Rungwe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania bara. Huko upepo na maji si mafumbo ya kitabuni. Mji wa Tukuyu umekaa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye udongo wa volkeno unaoota kila kitu kinachotupwa. Upande wake wa kaskazini umesimama mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Upande wa kusini nchi inateremka kwa migomba na mashamba ya chai mpaka bonde la Kyela na Ziwa Nyasa. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Anayejenga Rungwe hujenga ndani ya upepo na ndani ya maji, apende asipende. Ikiwa kuna pahali katika nchi hii ambapo elimu yenye jina la upepo na maji ingepaswa kufaa, basi ni hapo.

Maana hayo ndiyo maneno yenyewe. Feng ni upepo, shui ni maji. Kitabu kinachotajwa sana katika fani hiyo ni Zangshu, yaani Kitabu cha Mazishi, kinachonasibishwa na Guo Pu, mwanachuoni na mshairi aliyeishi baina ya mwaka 276 na 324. Kitabu hicho kilizungumzia kwanza mahali pa kuchimba kaburi, kisha kanuni zake zikatumika hata kwa makao ya walio hai. Mahali bora, kwa mujibu wa mafundisho hayo, ni pale penye mlima nyuma, upande wa kaskazini, na maji mbele, upande wa kusini, mlango ukatazama kusini. Mwenye insafu hatakataa kwamba palikuwa na busara ndani yake. Katika Uchina ya kaskazini upepo wa kipupwe huvuma kutoka kaskazini ukiwa na barafu, mlima huukinga. Jua la kipupwe hupita upande wa kusini. Mlango huo hulikaribisha. Mto ulio mbele hunywesha shamba. Mkulima yeyote angefikia shauri hilo bila ya kumwuliza mnajimu.

Sasa itazamwe Tukuyu. Mlima uko kaskazini, ziwa liko kusini: umbo lile lile la kitabu, kana kwamba mchoraji wa Kichina ndiye aliyeipanga nchi. Lakini jua ni jingine. Tukuyu iko nyuzi tisa na kitu kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Na baina ya mwisho wa Februari na katikati ya Oktoba, muda wa miezi takriban minane, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi ya baridi ya Juni na Julai, wakati wazee wa Rungwe wanapotafuta miale ya kuota, miale hiyo haiji kutoka kusini. Kinachokuja kutoka kusini na kusini-mashariki ni upepo uliobeba unyevu wa Ziwa Nyasa, unaopanda miteremko, ukapoa, ukawa mawingu, ukamwaga masika ya Machi hadi Mei. Mlima ule ule ambao Uchina ungekuwa ngao, Rungwe ndio unaoisimamisha mvua. Mwenye kufungua mlango wake kusini kwa kumtii Guo Pu hapokei jua. Anapokea masika usoni, na ukuta wake wa mbele ndio wa kwanza kumomonyoka.

Hapa ndipo linapoonekana kosa ambalo kila mfasiri analijua kwa jina. Waliozileta kanuni hizo katika Kiswahili walifasiri maneno wakasahau kufasiri jua. Shairi lisemalo theluji halifasiriki kwa kuandika "theluji" tu na kuendelea mbele. Ni lazima mfasiri ajiulize theluji inafanya kazi gani katika beti lile, ni kifo, ni usafi au ni kimya, kisha atafute kilicho na kazi hiyo katika lugha yake. Kanuni ya mlango wa kusini ilikuwa na kazi: joto wakati wa baridi, kinga wakati wa upepo. Kuihamisha kanuni na kuiacha kazi yake nyuma ni kumleta mgeni maiti.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ingetosha kuwaonya. Majina ya pande nne katika lugha hii ni hazina ya maarifa. Kaskazini imepewa jina na upepo wa kaskazi, uliowaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia mwezi wa Disemba. Kusini imepewa jina na kusi, uliowarudisha kwao. Mashariki na magharibi ni pa kuchomoza na pa kuzama. Matlai ni upande wa macheo na pia ni upepo utokao huko. Watu wa mwambao waliita kaskazini Kibla vilevile, kwa kuwa kwao Makka iko huko: Unguja na Makka zinakaribiana mno kwa longitudo, hata anayesali Unguja huelekea kaskazini karibu sawasawa, na Mwislamu wa Tukuyu huelekea kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki. Pande hizi zilipewa majina na watu waliokuwa na safari ya kusafiri, sala ya kusali na shamba la kupanda. Hakuna hata upande mmoja ulioitwa bahati, wala uliobatizwa hasara. Leo mtoto wa watu waliovuka bahari kwa kuusoma upepo anaambiwa aogope mlango wa choo.

Wapo watakaosema kwamba wenye elimu yao wanaijua zaidi. Basi waulizwe wenyewe, nao hawaafikiani. Madhehebu moja hupima kwa dira: humpa kila mtu namba kutokana na mwaka wa kuzaliwa na jinsia yake, kisha humgawia pande nne za heri na nne za shari. Madhehebu nyingine, iliyoenezwa Marekani na Lin Yun kuanzia miaka ya 1970 na 1980, haishughuliki na dira; hupachika ramani yake ya pembe nane kuanzia mlangoni, popote mlango ulipoelekea. Kwa hiyo chumba kimoja cha nyumba moja, siku moja, chaweza kuwa hazina ya mali kwa mtaalamu wa kwanza na shimo la maangamizi kwa wa pili. Fundi wawili wakibishana kuhusu msingi, timazi na pima maji hutoa hukumu mbele ya macho ya watu. Wataalamu hawa wawili wakibishana, hakuna chombo duniani cha kuwaamua.

Na hata ikikubaliwa madhehebu ya kwanza, taabu ndiyo inaanza. Hesabu hiyo yaweza kumweka mume katika kundi la mashariki na mkewe katika kundi la magharibi, heri ya mmoja ikawa shari ya mwenziwe. Je, watalala kitanda kimoja kwa zamu? Watakuwa na milango miwili? Na bibi wa Rungwe ambaye umri wake huhesabiwa kwa njaa fulani, au kwa mwaka ilipojengwa skuli ya kijiji, atapewa namba gani? Elimu isiyoweza kumhudumia mzee asiye na cheti cha kuzaliwa ina haki gani ya kumvunjia jiko?

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa ushairi wataliona upesi kuliko wengine. Sehemu kubwa ya nuksi za feng shui ni mchezo wa maneno. Katika Kichina neno la "nne" na neno la "kufa" hukaribiana mno kwa sauti, yakitenganishwa na kupanda na kushuka kwa sauti tu. Ndiyo maana majengo mengi huko hayana ghorofa inayoitwa ya nne, na vyumba huruka kutoka cha tatu hadi cha tano. Ni jambo la kupendeza katika lugha yake. Lakini sikio la Mswahili halisikii kaburi ndani ya "nne". Linasikia tarbia: mishororo minne, umbo ambalo washairi wa pwani wamelitumia zaidi kuliko umbo lolote kwa kuposa, kwa kugombana, kwa kuomboleza na kwa kushukuru. Ikiwa nne ni kifo, basi mashairi yote ya mwambao ni maiti yaliyopangwa safu. Hofu iliyozaliwa na mlio wa lugha moja haisafiri kwenda katika lugha nyingine. Ikisafirishwa kwa nguvu, hubaki bei yake tu.

Halafu yaja makaburi. Washauri wa feng shui huonya kwamba nyumba isitazamane na makaburi, kwa kuwa nguvu za wafu hudhoofisha maisha ya walio hai. Maneno haya hayawezi kutamkwa Rungwe bila ya kumtusi mwenyeji. Huko makaburi yako uani. Baba amelala chini ya migomba, hatua chache kutoka upenuni. Bibi amelala karibu na njia ya kisimani. Wajukuu hucheza kando yao. Kumwambia Mnyakyusa kwamba kaburi la baba yake linampotezea riziki ni kumtaka ahame au amfukue mzazi. Wala watu wa visiwani wasidhani kwamba hilo ni la bara peke yake. Ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja makaburi yamo baina ya nyumba na misikiti, na kule Gede na Malindi makaburi ya nguzo yalijengwa katikati ya miji ya walio hai. Ustaarabu huu haukuwahi kuona haya kukaa na wafu wake.

Wakati Wachina wenyewe walipokuja kujenga katika pembe hii ya nchi, hawakuja na kioo cha pembe nane. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Mbeya, jirani ya Rungwe. Ilikuwa miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, na feng shui ilikuwa imepigwa marufuku kwao kama masalia ya ushirikina. Mahandisi wale walipima mteremko, wakapima uzito wa udongo, wakahesabu maji yatakayopita chini ya kila daraja. Reli ile ilipelekwa kulikoruhusu ardhi. Ni ajabu ya dunia kwamba walichokiacha wao kwao, wengine wanakipokea leo kama siri ya utajiri wa Uchina.

Lakini mpwani asicheke upesi. Kabla ya dira ya Kichina kufika, palikuwa na fingo lililofukiwa chini ya kizingiti, na zindiko lililochimbiwa pembe nne za nyumba, na mwenye falaki aliyeulizwa siku ya kuhamia, na siku za mwezi zilizoitwa korofi. Mteja wa mambo haya na mteja wa feng shui ni mtu mmoja aliyebadilisha duka. Na kwa Mwislamu suala hili limekwisha kukatwa zamani, tena kwa mfano wa mlango. Wapo Waarabu wa kale ambao, wakiwa katika ihramu, waliona ni nuksi kuingia nyumbani kwa mlango wa mbele; walipenya kwa nyuma. Sura ya Al-Baqara iliukataa uzushi huo na kuwataka watu waingie majumbani mwao kwa milango yake. Na sura hiyo hiyo yafundisha kwamba wema haukamiliki kwa kugeuza uso mashariki au magharibi, bali kwa imani, na kwa kumpa mali yatima, maskini na msafiri. Kibla ni upande wa ibada. Hakikuwekwa kuwa kipimo cha bahati ya sebule.

Yafaa sasa kurudi Rungwe, kwa sababu huko kulikuwa na falsafa ya nyumba ambayo wachuuzi wa dira hawakuwahi kuisikia. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia vijiji vya nchi hiyo: nyumba nadhifu chini ya migomba, viwanja vilivyofagiliwa. Zilikuwa nyumba za mianzi na udongo, zimeezekwa kwa nyasi, na ng'ombe walilala ndani pamoja na wenyewe. Lakini kilichowashughulisha zaidi wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huko baina ya mwaka 1934 na 1938, hakikuwa umbo la nyumba. Kilikuwa ni swali la nani anajenga karibu na nani.

Mnyakyusa wa wakati huo hakujenga karibu na baba yake wala ndugu zake. Wavulana walipofikia miaka kumi au kumi na moja waliondoka kwa wazazi, wakaenda kujijengea vibanda vyao pamoja na wa rika lao. Wakakua hapo, wakaoa hapo, na kile kibanda cha michezo kikawa kijiji kamili cha watu wa umri mmoja. Sababu waliyoitaja kuliko zote ni neno moja la Kinyakyusa: ukwangala. Ni raha ya kukaa pamoja, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza na kujifunza busara kwa wenzako. Monica Wilson alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maana ya neno hilo. Mtu aliyekula peke yake ndani ya nyumba yake na wake zake, hata nyumba iwe nzuri namna gani, alitiliwa shaka.

Na walikuwa na upepo wao pia. Waliuita embepo sya bandu, pumzi ya watu. Mswahili atalisikia neno hilo bila ya mkalimani, kwa kuwa embepo ni ndugu wa upepo na pepo. Waliamini kwamba mtu akimdharau mzazi wake, au akiwanyima majirani karamu iliyokuwa haki yao, majirani hunung'unika, na manung'uniko yao humwangukia kama ubaridi na homa. Dawa haikuwa kugeuza mlango. Ilikuwa ni kuchinja, kuwaita wale walionuna, na kusema. Katika matambiko ya Wanyakyusa kusema ndiyo kazi kubwa: kila mwenye kinyongo alipaswa kukitoa mdomoni, na aliyekificha alihesabiwa kuwa ameliharibu tambiko lenyewe.

Haisemwi hapa kwamba pumzi ya jirani huleta homa. Homa ina vijidudu vyake na hospitali zake. Inasemwa tu kwamba, ukilinganisha hofu mbili, ya Rungwe ilikuwa na akili zaidi. Mwenye kuamini dira hununua kioo akalala, na ugomvi wake na jirani ukabaki pale pale. Mwenye kuogopa pumzi ya watu alilazimika kuamka na kwenda kwa jirani.

Visiwani nako jambo hili linajulikana. Katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wanaume wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini hutwangana kwa makongwa ya migomba, wakatoa yaliyowakaa rohoni, kisha mwaka mpya ukaanza watu wakiwa wamepatana. Kibanda huchomwa moto, na wapo wanaotazama moshi umeelekea wapi. Anayetaka kutazama moshi na autazame. Lakini kilichokwisha kuufanya mji uwe salama ni mapatano yaliyotangulia. Kaskazini na kusini, kwa watu wa Makunduchi, ni majina ya ndugu wanaogombana na kusameheana.

Ukweli unadai upande wa pili nao usemwe. Imani ya Rungwe ilikuwa na sumu yake. Palipokuwa na pumzi ya haki palikuwa na uchawi vilevile, na aliyetuhumiwa uchawi alilazimika kukiacha kijiji, nyumba na migomba yake. Kuhama kukawa adhabu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, yamfanya kuwa mkosaji anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi, na haikuondoa hofu. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya biashara ya pande zenye nuksi, hatari iliyo kubwa kuliko fedha. Mtu akifundishwa kwamba maradhi ya mtoto wake yametoka upande fulani wa nyumba, hatakawia kuuliza ni nani anayekaa upande huo. Dira itamwonyesha magharibi, na magharibi kuna nyumba ya ajuza mjane. Hakuna muuzaji wa kioo anayebaki kuona kinachofuata.

Ama hasara ya mifuko na mapafu, hiyo haihitaji unajimu kuiona. Mfano uwe wa mwalimu mstaafu wa Tukuyu, yeyote katika wengi walioyageuza mafao yao kuwa tofali za kuchoma na mabati. Akiambiwa azibe dirisha la jikoni kwa kuwa liko upande wa shari, moshi wa kuni utabaki ndani, na moshi huo ni adui wa mapafu ya mkewe na wajukuu, jambo ambalo madaktari hawabishani. Akiambiwa avunje ukuta wenye lenta ili mlango uhame hatua mbili, amedhoofisha nyumba iliyo katika nchi ya volkeno na matetemeko. Na fedha zilizokwenda kwenye mlango ndizo zilizohitajika kurefusha upenu wa kusini, kuinua msingi juu ya maji na kuchimba mtaro. Hizo ndizo feng na shui za Rungwe, na mwashi wa pale pale anazijua kwa kuwa amejenga ukuta, akauona ukianguka, akajenga tena.

Mtaro huo ndio mtihani wa mwisho. Paa la mabati katika mvua ya Aprili hukusanya mto. Mto huo una pande nyingi za kupelekwa, na mmoja tu ndio wa shari: ule unaoelekea shamba la migomba la mwenzio. Kesi nyingi za majirani huanza na maji hayo. Mwenye nyumba angemwita jirani yake siku ya kuchimba, wakasimama wote wawili na majembe, wakakubaliana maji yapite wapi, angekuwa amefanya kwa asubuhi moja kile ambacho vitabu vyote vya pande za heri haviwezi kumfanyia.

Waarabu wana msemo uliozoeleka pwani, kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Wazee wa mwambao waliujenga msemo huo kwa mawe: wakaweka baraza nje ya mlango ili mpitaji akae, na ndani wakaweka tekani ili stara isivunjike. Wanyakyusa waliujenga kwa mianzi, rika kwa rika. Leo Tukuyu na Unguja zinajenga kuta ndefu zenye vigae vya chupa juu yake, baraza zimeondolewa kupisha geti, na mwenye nyumba akijiona mpweke na mwenye mikosi anamwita mtu wa dira kumwuliza amekosea wapi. Jibu liko nje ya geti, linapita njiani na kuamkia, wala halijibiwi.

Dira ni chombo cha heshima. Imewavusha watu bahari hii kwa karne nyingi. Irudishwe jahazini kwenye kazi yake; mlango uachwe pale mwashi alipouweka, nao ufunguliwe.